Maoni ya Armand, Kura ya Verna

"Sentensi nne," alisema Verna. "Nne, Armand. Ukifika ya tano nakuja kukukalisha mwenyewe, watu wote wakiona."

Armand Duquette alikuwa ameinama anafunga kamba za buti. Alicheka bila kuinua kichwa. "Nne zinanitosha. Nimeshazipanga kichwani."

"Humo kichwani ndimo ninamoogopa."

Tuseme ukweli, mama huyo alikuwa na haki ya kuogopa. Watu wengine wana presha, wengine wana kisukari. Armand ana maoni. Miaka thelathini na moja aliendesha greda la mji, majira ya baridi akisukuma theluji, majira ya tope akisawazisha barabara, peke yake ndani ya kile kibanda cha vioo, na mtu akikaa peke yake muda wote huo lazima apate kitu cha kuwaza. Yeye aliwaza namna ya kuitengeneza Marekani. Alipostaafu akaanza kuyaandika, barua moja kila wiki kwa gazeti la wilaya, na mhariri, kwa kukosa habari, akawa anazichapa zote.

Majaji wa Mahakama ya Juu wakae miaka kumi na minane, kisha waende nyumbani wakalee wajukuu. Mbunge wa Washington alipwe sawasawa na mwalimu wa darasa la kwanza, halafu tuone mishahara ya walimu itapanda lini. Kila sheria iandikwe tarehe ya kuharibika, kama maziwa. Sheria ambayo haiwezi kusomwa kwa kinyozi mtu akaielewa kabla hajamaliza kunyolewa, isipitishwe. Mtoto asipewe mtihani kabla hajatimiza miaka kumi. Televisheni izimwe nchi nzima Jumapili jioni ili watu watazamane nyuso. Mengine yalikuwa na akili. Mengine, Mungu anisamehe, yalikuwa upuuzi mtupu, na yote aliyasema kwa sauti ileile kubwa ya mtu aliyezoea kushindana na injini.

Lakini Jumanne ile, ya kwanza ya mwezi Machi, hapakuwa na nafasi ya majaji wala maziwa. Katika mkutano mkuu wa mji wetu wa Corley Gore kulikuwa na Kifungu cha Kumi na Moja: je, wapigakura wanakubali shule ya mji ifungwe mwezi Juni, na watoto wake arobaini na watatu wapelekwe kwa basi shule kubwa ya bondeni, maili kumi na tisa?

Verna alikuwa mpishi wa shule hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Huko bondeni hawahitaji mpishi. Chakula kinakuja kimeganda ndani ya lori la kampuni. Na hata wangemhitaji, fomu yao ya kazi inauliza cheti cha sekondari, na Verna aliacha shule darasa la nane, baba yake alipoumia mgongo na ng'ombe wakabaki hawana wa kuwakamua. Kwa hiyo shule ikifungwa, Verna naye anafungwa. Alikuwa na miaka sitini.

"Ya kwanza, watoto," alisema, akimhesabia mumewe kwa vidole. "Ya pili, barabara wakati wa barafu, wewe unaijua kuliko mtu yeyote. Ya tatu, mji bila shule haupati familia changa. Ya nne, asanteni. Unakaa."

"Na Bunge?"

"Armand!"

"Natania tu, mke wangu. Natania."

*

Saa nne asubuhi ukumbi wa michezo wa shule ulikuwa umejaa. Viti vya kukunja vimepangwa juu ya mistari ya uwanja wa mpira wa kikapu, akina mama na sindano zao za kufuma, tope la buti limetapakaa kila mahali, na kila mpigakura ana kadi yake ya kijani mkononi. Jukwaani alisimama Winifred Stoddard, daktari wa mifugo, msimamizi wetu wa mkutano kwa miaka tisa. Mwanamke mwembamba, sauti ndogo, lakini nyundo yake ikigonga meza hata mbwa wa nje hunyamaza.

Vifungu kumi vya kwanza vilipita kama kawaida yetu. Tulibishana dakika arobaini juu ya taa moja ya barabarani, kisha tukapitisha bajeti nzima ya zimamoto bila mtu kukohoa. Verna alikuwa jikoni, nyuma ya dirisha la kupitishia sahani, anasimamia chakula cha mchana: maharage yaliyolala kwenye tanuri usiku kucha na sharubati tamu ya mti wa mepo, nyama ya nguruwe ya kuokwa, kabichi, mikate ya kahawia, na pai zisizo na idadi. Winifred aliposema "Kifungu cha Kumi na Moja," alifuta mikono kwenye aproni, akachukua kadi yake, akatoka na kusimama ukutani.

Aliyeanza ni Curtis Hathorne, mwenyekiti wa bodi ya shule, wakala wa bima, mtu wa shati lililonyooka. Curtis si mtu mbaya. Alikuwa na hesabu zake ubaoni na zilikuwa sahihi: kila nyumba ingepunguziwa kodi dola mia tatu na kumi kwa mwaka, na watoto wangepata maabara, kwaya, na kocha.

"Najua tunaipenda shule hii," alisema. "Mimi mwenyewe nimesoma hapa. Na najua tunakipenda chakula chake. Lakini, pamoja na heshima zote kwa Verna pale ukutani, maharage si mtaala."

Ukumbi ukacheka. Si kicheko kibaya, lakini kilikuwa kirefu, na wote waligeuka kumtazama. Verna naye akacheka, maana angefanya nini? Alijihisi ile aproni imekuwa nzito ghafla, akaikunja mikono juu ya madoa yake.

Armand akasimama.

"Watoto wa darasa la kwanza watakaa ndani ya basi saa moja na nusu kwa siku," alisema. "Barabara ile nimeisukumia theluji miaka thelathini na moja, na pale kwenye kona ya kinu cha mbao nimewavuta watu wazima kutoka mtoni mara sita. Mji usio na shule hauhamiwi na mtu mwenye mtoto, unabaki na sisi wazee tunaosubiriana kuzikana. Asanteni."

Loo! Nilisema moyoni, kumbe anaweza. Ukumbi ulipiga makofi, watu walipiga miguu sakafuni, na Curtis alitazama karatasi zake. Tulikuwa tumeshinda pale. Angekaa tu. Kitako na kiti vilitenganishwa na shubiri moja.

Makofi ndiyo yaliyomponza. Mtu aliyeandika barua miaka saba bila kusikia hata kofi moja, akapigiwa kwa mkupuo mmoja na watu karibu mia mbili, ulitegemea nini?

"Na mnajua kwa nini tumefikia hapa?" alisema Armand.

Verna alifumba macho.

Alianza na wabunge wa Washington. Akapita kwa majaji. Akaeleza habari ya sheria na maziwa, akafika kwenye mitihani, akasema anayetunga mitihani apewe mtihani. Winifred akagonga. "Armand, zungumzia kifungu." Akasema ndicho anachokizungumzia, vyote ni kitu kimoja. Akarukia televisheni. Akatuambia sisi wenyewe tumekuwa taifa la kutazama, tunakula tukitazama, tunalala tukitazama, na kwamba nusu ya watu ukumbini humu hawajasoma kitabu tangu wamalize shule. Nyuma yangu mtu alisema, "Mzee huyu leo kavuka mpaka." Watu walianza kunong'ona, viti vikalia. Winifred akagonga tena. "Dakika moja, Armand. Ya mwisho."

Armand aliona amewapoteza. Mtu anayezama hushika chochote, naye akashika kilicho karibu.

"Shule hii inafundisha watu!" alipaza sauti. "Mnataka ushahidi? Huyu hapa mke wangu. Alikuja kupika hapa akiwa hajui kusoma. Miaka arobaini na moja, hajui kusoma menyu aliyoipika mwenyewe! Mwalimu Adaline alimfundisha pale jikoni baada ya vyombo, mwaka mzima, kwa siri. Shule gani kubwa ingefanya hivyo? Niambieni!"

Hakuna aliyemwambia.

Mwalimu Adaline Frost, aliyekaa safu ya tatu, aliitunza siri ile miaka kumi na tisa na hakuwahi kumwambia hata dada yake. Armand aliibeba muda uleule, na sasa kaumwaga mtama penye kuku wengi. Na cha kusikitisha, aliketi akiwa na uso wa mtu aliyetoa hoja nzuri.

Watu hawakumtazama Verna usoni. Hilo lilikuwa baya zaidi. Walitazama viatu vyake, aproni yake, ubao wa menyu juu ya kichwa chake. Mwanamke mmoja ambaye kila Desemba Verna humwandikia kadi ya Krismasi alikuwa anakumbuka zile kadi, na Verna aliona kabisa anavyokumbuka.

"Wanaokubali shule ifungwe," alisema Winifred kwa haraka, kama mtu anayefunika kitu kwa shuka, "inueni kadi."

Mimi niliinua. Nisiwe mnafiki. Nilikuwa nimekuja kupiga kura ya hapana, lakini nilikuwa nimeambiwa sijasoma kitabu, tena na mtu ambaye hajamaliza hata kimoja nilichomwazima. Nikajiambia, hebu tumnyamazishe kidogo. Na nilipogeuza shingo ukutani nikamwona Verna. Uso umekuwa mweupe kama sahani. Akainua kadi yake ya kijani juu kabisa, mkono umenyooka.

Wanaokubali, tisini na saba. Wanaokataa, tisini na wanne.

"Kifungu kimepita," alisema Winifred. "Tule kwanza. Tukirudi saa saba na nusu tutaanza Kifungu cha Kumi na Mbili, lori la mchanga wa kumwaga kwenye barafu."

*

Watu hawakuwa na furaha ya kula, lakini walikula. Verna aligawa maharage. Kila aliyepita dirishani alisema asante kwa upole mno, upole ule wa kumwambia mgonjwa kwamba leo anaonekana vizuri. Mmoja alimsomea lebo za pai: "Hii ni ya tufaha, Verna, na hii ya boga." Pai zote alikuwa amezioka yeye.

Armand aliingia kwa mlango wa nyuma, kofia mkononi.

"Tumeshindwa kwa kura tatu," alisema. "Tatu tu!"

"Nimesikia."

"Ningepewa dakika mbili zaidi—"

"Toka jikoni kwangu."

"Verna, nilikuwa najisifia wewe. Mbona huoni? Katika mambo yote niliyosema, hilo ndilo nililokuwa najivunia."

Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana Verna aliuma meno. Aliweka upawa chini. "Armand. Hicho kilikuwa changu. Nilikuwa na kitu kimoja duniani ambacho hukuwa umekitolea maoni. Kimoja! Umekichukua ukakitumia kama jiwe la kumtupia Curtis. Na hukumpata hata Curtis, umenipata mimi."

Armand alifungua mdomo. Halafu, labda kwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa, hakuna kilichotoka. Akageuka, akatoka, akakaa peke yake kwenye kiti chake ukumbini bila sahani.

Mwalimu Adaline aliingia amebeba rundo la sahani chafu, akaanza kuzikwangua bila kuulizwa.

"Nilikuona," alisema Adaline.

"Umeniona nini?"

"Kadi yako."

Verna alishika ukingo wa sinki. "Nimefunga shule yako, Adaline. Nimefunga kazi yangu mwenyewe. Kwa hasira! Hasira hasara, mama yangu alikuwa anasema kila siku, na mimi nilidhani ni maneno ya wazee tu. Kadi ilipanda yenyewe. Nilitaka tu, mara moja katika maisha, awe upande ule mimi niwe upande huu."

"Naelewa."

"Usinielewe! Nitukane!"

"Nitakutukana baadaye. Sasa hivi nataka nikuulize. Unakumbuka nilipokuletea vile vitabu vya sungura na vifaranga, ukanitupia?"

Verna alipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Sungura wa nini?"

"Ukasema unataka kusoma kile kitabu cha kanuni za mkutano wa mji."

"Kwa sababu Armand alikuwa ananitajia kanuni kila jioni na sikuweza kujua kama ni za kweli au anazitunga."

"Nusu alikuwa anazitunga."

"Zaidi ya nusu," alisema Verna, na kidogo angecheka.

"Ukurasa wa thelathini," alisema Adaline. "Ulituchukua wiki mbili ukurasa ule. Ulilia juu ya neno moja mpaka nikaenda kukuchemshia chai. Unasemaje ukurasa wa thelathini?"

Verna alisimama na sahani mkononi, maji yanamdondoka kwenye viatu. Midomo yake ilianza kusogea, polepole, kama ilivyosogea siku zile. Kura iliyopigwa inaweza kufunguliwa upya katika mkutano huohuo, mradi kifungu kinachofuata hakijaanza. Na anayeruhusiwa kuomba ifunguliwe ni mmoja tu wa wale waliokuwa upande ulioshinda.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kwetu yanazoleka, ila lazima ayazoe mtu aliyeyamwaga, na ayazoe hadharani.

"Siwezi," alisema Verna. "Adaline, siwezi kusimama pale. Winifred ataniuliza nilipiga kura upande gani. Mbele ya wote. Wameshajua kuwa nilikuwa mjinga, sasa wajue na usaliti?"

"Hukuwa mjinga hata siku moja."

"Mwombe mtu mwingine. Kuna watu tisini na saba."

"Mimi nilipiga hapana, siwezi hata kuomba. Na nimewazunguka wanne ninaowajua. Kila mmoja anaona haya kuwa wa kwanza." Adaline aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini na tano. "Winifred akishatamka neno lori, basi, mlango umefungwa."

Ukumbini viti vilianza kuburutwa. Mtu alikohoa. Nyundo ikagonga mara moja ya kuita utulivu. Verna alivua aproni, akaitazama, akaivaa tena na kuifunga fundo vizuri.

*

"Mkutano umeanza," alisema Winifred. "Kifungu cha Kumi na Mbili—"

"Msimamizi!"

Sauti ilitoka ukutani, nyembamba, imepasuka katikati. Armand aligeuka kwa nguvu mpaka kiti kikalia.

Winifred alishusha karatasi. Mimi naapa niliona bega lake limeshuka pia, kama mtu aliyekuwa anasubiri. "Verna Duquette. Sema."

"Naomba Kifungu cha Kumi na Moja kifunguliwe upya."

Curtis Hathorne akasimama. "Msimamizi, samahani, kura imeshahesabiwa. Hatuwezi kurudia kila kitu kwa sababu mtu hajafurahi."

"Anaweza kuomba, Curtis, kwa sharti moja." Winifred alimgeukia Verna, na alisema taratibu sana. "Lazima nikuulize. Ulipiga kura upande ulioshinda?"

Sasa watu walimtazama usoni. Wote. Verna aliona Curtis ametahayari kwa niaba yake, akidhani mama wa watu hajui kanuni, kajipeleka mwenyewe kuaibika. Aliona Adaline ameshika vidole vyake. Alimwona Armand.

"Ndiyo," alisema. "Niliinua kadi ili shule ifungwe."

Armand alimtazama mkewe, na sisi tuliokuwa karibu naye tuliona jambo linamwingia polepole, toka kichwani mpaka kifuani, na lilipofika chini akawa mzee kabisa. Alijua sasa moja ya zile kura ilikuwa ya nani, na alijua ni kwa nini.

"Nani anamuunga mkono?" aliuliza Winifred.

Mkono mmoja mkubwa ulipanda, wenye makovu ya minyororo ya magurudumu.

"Naunga mkono," alisema Armand Duquette. Na akanyamaza.

Kwenye kura ya kufungua tu kifungu, waliosema ndiyo walikuwa wengi. Winifred hakuhitaji hata kuhesabu. Curtis alikaa. Verna alikuwa amefikiri atapelekwa mbele, lakini hakuna aliyempeleka popote, kwa hiyo alisemea palepale ukutani, chini ya ubao wa menyu.

"Aliyosema mume wangu asubuhi ni kweli," alisema. "Hakuwa na haki ya kuyasema, na tutazungumza nyumbani." Mtu akaguna. "Lakini ni kweli. Nilikuja hapa sijui kusoma. Masanduku ya chakula niliyajua kwa rangi. Sahihi yangu niliichora. Menyu ya siku nilikuwa namwita mtoto mmoja, nampa biskuti, nasema wewe una mwandiko mzuri, hebu andika ubaoni leo tunakula nini. Miaka mitatu! Wakaguzi walikuja, wakuu wa bodi walikuja, walikula, waliondoka. Mwalimu Adaline akaona kwamba mwandiko wa ubaoni kila siku ni wa mtoto. Hakuuliza mbele ya watu. Alikuja baada ya vyombo, akavuta ndoo akaikalia, akasema, Verna, tuanze na herufi ipi?"

Alimgeukia Curtis.

"Curtis, umesema huko bondeni kuna maabara. Maabara ni kitu kizuri, sina ubishi, ningependa watoto waione. Lakini kule wako mia tisa. Mtoto anayejificha kati ya mia tisa, nani atamwona? Mimi najua kujificha. Nilikuwa fundi, darasani nilijificha hivyo mpaka la nane. Katika mia tisa ningejificha mpaka kufa. Hapa tuko wachache, hakuna pa kujifichia. Nililichukia jambo hilo leo asubuhi kuliko kitu chochote. Lakini ndilo lililoniokoa."

"Mama, sema!" mtu aliita kutoka nyuma.

"Jingine. Sikuinua kadi kwa sababu ya kodi. Dola mia tatu ningezitaka, nani asiyezitaka. Niliinua kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia Armand. Hiyo si sababu ya kufunga shule." Aliupitisha macho ukumbi mzima, safu kwa safu, naye anatujua, ametulisha sisi na watoto wetu. "Na sasa nauliza, bila kumtaja mtu. Mlikuwa tisini na saba. Ni wangapi mlipiga kura ya kuipinga shule, na ni wangapi mlimpinga Armand?"

Kwanza alicheka mmoja. Halafu safu nzima. Halafu ukumbi wote uliangua kicheko mpaka akina mama wakaangusha sindano, na Armand mwenyewe alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, au alikuwa analia huku anacheka, sisi hatukuchagua. Mimi nilikiangalia kiatu changu. Alikuwa amenishika kabisa.

"Yeye anaandika kila wiki namna ya kuitengeneza nchi hii," alimaliza Verna. "Mengine hata mimi nayakubali, ila sijamwambia. Lakini mimi naona sheria nzuri tunayo tayari, ukurasa wa thelathini. Inamruhusu mtu asimame aseme, nilikosea. Washington ingekuwa nayo wakaitumia, tusingekuwa tunasoma barua za Armand. Basi, nimemaliza."

Watu walisimama. Si wote, lakini wengi, na walipiga makofi mpaka Winifred akaacha kutafuta nyundo.

"Kuna mwingine anayetaka kusema?" aliuliza mwishowe.

Karibu macho mia nne yalimgeukia Armand. Alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili, uso mwekundu, midomo imebanwa. Alitikisa kichwa.

"Wanaokubali shule ifungwe?"

Kadi sitini na moja.

"Wanaokataa?"

Ilikuwa kama shamba limeota ghafla. Winifred alihesabu mara mbili. Mia moja ishirini na nane. Adaline alikuwa amejifunika uso kwa kadi yake. Curtis Hathorne alihesabu kwa kidole na yeye, akapata idadi ileile, akakunja karatasi zake. Kisha akavuka ukumbi mzima mpaka ukutani, mbele ya watu, akampa Verna mkono.

"Nimekosea kuhusu maharage," alisema.

"Ulikosea," alisema Verna. "Chukua sahani."

Armand alikuja nyuma ya Curtis. Alisimama mbele ya mkewe kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Sijakusamehe," alisema Verna.

"Najua."

"Itachukua muda."

"Najua."

"Maneno mawili, Armand. Naunga mkono. Sijawahi kukusikia ukisema vizuri kama leo."

Yeye akavaa kofia, akaenda kukaa.

"Kifungu cha Kumi na Mbili," alisema Winifred, amepangusa miwani. "Ununuzi wa lori jipya la mchanga. Yupo anayetaka kuchangia, au tupige kura?"

Tulikuwa tumechoka, tulitaka kupiga kura twende nyumbani. Kadi zilishaanza kuinuliwa. Lakini Verna Duquette hakuwa amerudi jikoni. Alikuwa amevuta kiti kilichokuwa wazi karibu na mumewe, ameweka kitabu cha taarifa ya mji juu ya magoti, kimefunguliwa kwenye ukurasa wa bei, na kidole chake kilikuwa kinateremka mstari kwa mstari. Akanyanyuka nusu, akainua mkono.

"Msimamizi, mimi nina maoni."

Armand alimvuta kamba ya aproni. "Verna, keti, watu wamechoka."

"Keti wewe," alisema Verna, akasimama. "Mimi ndiyo kwanza naanza."

Mkutano uliisha saa kumi na moja jioni, na lori la mchanga halikununuliwa.